Hodi Tatu Kabla ya Menyu

Mimi nina hasira za karibu, na Mama analijua hilo. Ndiyo maana alipostaafu uuguzi akataka kuandika habari za marehemu Baba, aliniomba nimfundishe kompyuta asubuhi, kabla jua la Lindi halijanichemsha.

Kompyuta yenyewe ni yangu ya zamani. Menyu yake iko juu kabisa ya skrini, moja tu, na inatumikia dirisha lililo mbele. Ukiwa kwenye picha, ni menyu ya picha; ukirudi kwenye maandishi, inageuka. Nilimweleza Mama mara kumi: bofya kwanza dirisha unalolitaka, ndipo uende kwenye menyu. Akaniambia hilo halina ugeni, ni kupiga hodi tu. Basi akawa anapiga hodi kweli, anabofya mara tatu, kwa adabu zote. Nilicheka mpaka machozi. Jamani, nampenda mama huyu.

Siku moja alikuwa ametazama picha za Baba, akarudi kwenye maandishi, akapiga hodi zake tatu katikati ya aya aliyoihangaikia wiki nzima. Kumbe kubofya mara tatu huchagua aya yote. Akaandika herufi moja tu, aya ikatoweka.

"Sitaweza kuiandika tena," alisema, mikono mapajani.

Nikamnyang'anya kipanya, nikakimbilia menyu kutafuta neno la kurudisha kilichofutwa. Limefifia, halibofyeki. Nikabofya tena na tena, nikaitukana kompyuta, nikamgombeza na yeye: nani alimwambia mara tatu? Akaniacha nimalize.

"Mwanangu, wewe umepiga hodi kwa nani?"

Nikatazama. Katika haraka zangu nilikuwa nimegusa dirisha la picha. Mbele alikuwa Baba, anacheka, na menyu yote ilikuwa yake. Aibu ilinishika. Nikabofya maandishi, mara moja, nikarudi juu. Neno lilikuwa limekolea. Nikalibofya, na aya ikarudi nzima.

Ndipo nikaisoma. Aliandika kwamba, kabla hawajaoana, Baba alitoka Kiswere na samaki wa kumpa babu, baba yake Mama, akapiga hodi mara tatu mlangoni kwao. Mama alikuwa peke yake ndani, akaona haya, akanyamaza. Baba akaondoka zake, kama adabu inavyotaka. "Nikalia, nikidhani harudi. Kesho yake nilikaa mlangoni tangu alfajiri."

Macho yakanijaa machozi. Mama akaniambia nihifadhi kwanza, nilie baadaye.