Upepo wa Kipindi cha Pili

Kwa miaka saba nimekuwa kocha msaidizi wa timu ya wanaume ya chuo chetu hapa Sumbawanga, na nimeshawasaidia makocha wakuu wanne. Kusaidia, kwa maana ya chuo, ni kufika uwanjani asubuhi na baridi yake, kumwaga chokaa, kukimbiza vijana, kuwafunga bandeji walioteguka, kisha siku ya mechi kumpisha bwana mkubwa benchi. Wageni wakiona mwanamke pale wananiita nesi. Nilishachoka kuwasahihisha.

Huyu wa nne alitoka mbali, vyeti vyake kwenye faili la plastiki. Mazoezini alikuja mara tatu, na zote tatu alikaa garini amepandisha vioo, eti upepo. Upepo wa Ufipa mwezi wa saba hauangaliwi kupitia kioo! Sisi tuliokulia hapa mjini, mtaa wa Izia, tunaujua: ukiupiga mpira juu kuelekea mashariki, unakurudia mwenyewe. Kwa hiyo wiki sita nzima niliwafundisha vijana kucheza chini, pasi fupi fupi.

Siku ya mechi ya kuamua nani aende mashindano ya kanda Mbeya, yeye hakuonekana. Timu niliipanga mimi. Kipindi cha kwanza upepo ulikuwa mgongoni mwetu, tukapata bao moja. Mapumziko vijana wamekaa wanakunywa maji, nawakumbusha kwamba sasa tunacheza dhidi ya upepo, mpira usinyanyuke, mara gari likasimama. Akashuka na suti ya michezo mpya, mikunjo ya dukani bado imo.

"Namba sita ni nani?" akaninong'oneza.

Namba sita alikuwa kapteni wetu.

Kisha akapiga makofi katikati yao. "Pasi za nyuma sitaki. Mipira mirefu, moja kwa moja mbele!"

"Kocha, huu upepo..." nilianza.

"Madam, mpira tuachie sisi. Wewe tuandalie barafu."

Barafu! Kwa baridi ile!

Kapteni akanifuata pembeni. "Madam, tufuate lipi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mwaka huo ndio chuo kilikuwa kinafikiria kunipa timu niiongoze mwenyewe, na barua ya kunipendekeza ilikuwa iandikwe na bwana huyohuyo.

"Mfuateni kocha mkuu," nikasema.

Kila mpira aliopiga kipa wetu uliganda hewani, ukaangukia miguuni mwa wapinzani karibu na goli letu. Tukafungwa mawili kwa moja. Mbeya wakaenda wenzetu.

Wiki iliyofuata nikapewa nakala ya ripoti ya kocha mkuu. Aliandika kwamba timu ilishindwa kwa sababu msaidizi hakuiandaa vya kutosha. Nikaishika karatasi ile, nikaelekea ofisini kwake, maneno nimeshayapanga. Nje ya ofisi nikakutana na kapteni. Alikuwa mwaka wa mwisho, mechi nyingine ya chuo hana.

"Shikamoo, madam."

Nikamwitikia, nikampa ripoti asome. Nilitaka naye akasirike, twende wote. Akaisoma yote taratibu, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Yeye upepo alikuwa haujui, madam," alisema. "Wewe ulikuwa unaujua."