Bibi Yangu Kwenye Maji ya Moto

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1957, Bwera. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali, halafu mawingu yakaukalia mlima na hayakuondoka.

Leo tumerudi kutoka maji ya moto, na bibi yangu, yaani mke wangu, hatembei. Naanza na hilo ili anayesoma asingoje habari njema. Nilisoma madarasa manne tu, na mambo mengine sijui kuyapanga, lakini haya nitajaribu kuyaandika kama yalivyokuwa, na pale nilipokosa mimi nitasema ni mimi.

Miguu yake ilikufa mwaka jana, alipojifungua mtoto ambaye hakulia. Uchungu ulimshika siku tatu. Mtoto tukamzika, na mama yake hakusimama tena. Miguu haikuvimba wala haikuuma. Ukimgusa magotini kwenda chini, hajui kama umemgusa. Mganga wa dispensari alisema tungoje mwaka mmoja, labda itarudi, labda haitarudi. Tukangoja. Mwaka ulipokwisha ndipo watu wakaanza kutuambia habari za maji yanayotoka ardhini yakichemka, kule milimani juu ya Rukoki, kwamba mtu hupelekwa amebebwa na hurudi kwa miguu yake. Mimi ni mchuuzi wa chumvi na samaki wakavu, maneno ya sokoni nayajua yalivyo. Hata hivyo niliyaamini. Au niseme nilitaka kuyaamini. Sijui kama kuna tofauti.

Jirani zetu wanne, wakulima, Wakristo, waliacha pamba yao wakaja nasi nyuma ya lori. Hilo lazima liandikwe, maana sisi si wa dini yao na hakuna aliyewalazimisha. Tulisimama Kinyamaseke dereva atie maji kwenye injini, kisha tukaenda mpaka njia ya gari ikaisha. Hapo wakamlaza kwenye machela wakaanza kupanda.

"Mama, wewe iko mwepesi kuliko gunia ya pamba," akasema wa mbele.

"Basi nipeleke Kampala, usinishushe hapa," akajibu bibi yangu. "Na huyu karani wangu mumwache, atembee, aandike mawe ya njiani."

Karani ni mimi, kwa sababu ya daftari hili. Wakacheka. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akitania mbele za watu, na nikajiambia tayari ameanza kupona.

Kule juu nilikuta kama mji. Vibanda vya nyasi vimepangwa kando ya kijito, moshi kila mahali, wanawake wanauza ndizi na maharage, watu wa Toro, watu wa mgodini, watu kutoka Kongo. Wengine si wagonjwa kabisa. Wanakuja kila mwaka baada ya mavuno, wanaoga, wanakula, wanaimba. Pale maji yanapotoka kwenye mwamba, mahali wanapopaita jicho, watu wanatia mayai ndani ya kikapu, wanateremsha, na ukimaliza kusalimia mtu mayai yameiva. Mzee mmoja wa Kongo, mgongo wake umepinda, alinikaribisha kwenye bwawa la wanaume.

"Mimi mwaka ya tatu hii nakuja," akasema. "Mugongo iko vile vile."

"Sasa unarudia nini, mzee?"

"Hainiponyeshe, lakini inanifurahisha. Pale kwetu iko nani wa kunifurahisha?"

Ningeweza kuipenda sana siku ile, kama ingekuwa siku ya mtu mwingine.

Kosa langu la kwanza ni hili. Sikuja na mwanamke wa kwetu. Nilidhani mimi mwenyewe nitamshika bibi yangu majini. Kumbe mabwawa ya wanawake yako upande wa pili wa mwamba, yamezungushiwa matete, na mwanamume hafiki. Akaja mama mmoja wa Kikonzo, mnene, mikono yake imekuwa myekundu kwa maji. Kazi yake ni kushika wagonjwa wasio na mtu. Akanieleza desturi. Mabwawa ni matatu, yanapanda kuelekea jicho, na kila la juu ni la moto zaidi. Mgonjwa anaanzishwa la chini, anapandishwa, na yeye mwenyewe ndiye anayesema inatosha. La tatu huingizwa miguu tu mpaka magotini, mtu ameketi juu ya jiwe. Mshikaji hana ruhusa ya kumtoa kabla hajasema.

"Ukimutoa mbele hajasema, umemutoa na ugonjwa yake," akaniambia. "Sasa huyu mama iko na nini?"

Nilijua jibu. Lakini watu walikuwa wamesimama karibu wanasikiliza, na huku kwetu ukisema mguu wa mtu hausikii, neno la kwanza linalowajia ni ukoma. Wangetufukuza kabla hajalowa kidole. Nilimtazama bibi yangu. Akatazama chini.

"Baridi yabisi," nikasema. "Miguu inamuuma sana."

Hilo ndilo kosa la pili, na la kwanza si kitu mbele yake.

Nilikaa upande wa wanaume, nasikia sauti zao ng'ambo ya mwamba lakini siwaoni. Maneno yao niliyasikia vizuri.

"Iko moto, mama?"

"Bado."

"Tupande?"

"Tupande."

Mzee wa Kongo alikuwa ananisimulia habari za harusi ya binti yake na mimi naitikia tu. Nilisikia wamefika la tatu. Nilisikia mama yule anauliza tena, na bibi yangu anajibu bado, kwa sauti ya mtu anayefurahi. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu akasema, "Ngoja, mama, inakuja. Naisikia inashuka." Nami nikainua mikono nikamshukuru Mungu pale pale majini. Sikujua ninashukuru nini. Ningeweza kupaza sauti, mtoe, miguu yake haisikii. Ng'ambo ya mwamba ni mbali kiasi gani? Hata mtoto angesikika. Sikupaza. Nilitaka lile neno "inashuka" liwe kweli.

Ukapita muda, halafu mama yule akaja mwenyewe kwenye ukingo wa matete.

"Muzee, kuja uone bibi yako."

Walikuwa wamemlaza nje ya matete, kwenye majani ya mgomba. Kuanzia magotini ngozi ilikuwa imejitenga kama ngozi ya nyanya iliyochomwa. Hakulia. Alikuwa anatazama miguu yake kama anatazama mzigo wa mtu mwingine.

"Mutu wa baridi yabisi analia kwa haya maji," akasema mama yule. "Wote wanalia. Yeye alikuwa anacheka. Sasa mimi ningejua namna gani?"

"Hukuwa na namna," nikamwambia. "Nilikudanganya."

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Akaenda kuleta asali, akampaka taratibu, akakataa chumvi niliyomletea kama malipo. Mtu akija kumlaumu mama huyu, aje kwanza kwangu.

Nilimuuliza bibi yangu alikuwa anasikia nini.

"Mapaja," akasema. "Mapajani naisikia siku zote, wewe unajua. Ilikuwa joto tamu la mvuke. Nikasema ikishuka kidogo tu itafika magotini. Nikawa naingoja."

"Kwa nini hukumwambia mama yule?"

"Wewe ulikuwa umeshasema baridi yabisi. Nimfanye mume wangu mwongo mbele za watu?"

Tukamteremsha. Safari hii hakuna aliyetania. Siku sita tulikuwa dispensari ya Kasese, na mganga wa pale alisafisha vidonda vizuri, sina neno juu yake. Nilimuuliza habari ya kutembea. Akasema ngozi itapona, na kuhusu miguu, ikiwa mwaka umepita na moto ule haukuamsha kitu, nisimpe mgonjwa matumaini ya bure. Alisema kwa sauti ya chini, lakini bibi yangu alikuwa macho.

Leo tumefika nyumbani saa tisa. Wale jirani walimlaza ndani, na mmoja akasema mwakani tutajaribu maji mengine, yapo upande wa Ankole. Bibi yangu akamshukuru kwa adabu. Walipotoka akaniita.

"Jembe langu liko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Mpe jirani. La kwake limekwisha."

Nilitaka kusema lingoje kidogo. Kisha nikafikiri juu ya "bado" zake zote kule juu, na juu ya mimi niliyezisikiliza. Nikalichukua nikalipeleka. Sijui kama nimefanya vyema. Kukataa kungekuwa kumdanganya tena, na kukubali kumekuwa kama kumwambia ndiyo, basi, hutalima tena. Mke wa jirani alilipokea kwa mikono miwili, hakuuliza, akafuta machozi kwa kiwiko maana mikono yake ilikuwa na unga.

Jioni mke huyo wa jirani ndiye aliyetupikia. Tumekula bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, na samaki mkavu mmoja kwa watu wawili. Bibi yangu amekula matonge mawili, akanisukumia sahani, nami nimeimaliza.