Mwalimu Mpangaji na Kahawa Yetu

Mwalimu wa Kiingereza aliyepanga chumba uani kwetu, kijijini Iyula, ametoka Zambia. Kila Jumamosi hufua mashati yake matatu, kisha huigeuza kahawa yetu juu ya kichanja cha kukaushia, taratibu, kama anayefunua kurasa. "Mwalimu, kwenu huna mchumba?" mama humtania. "Yupo, mama. Anangoja nimalize kusahihisha madaftari."

Jumamosi iliyopita mvua ilitukuta msibani. Tulikimbia nyumbani, tukijua mavuno ya mwaka yameharibika. Tukamkuta amelowa chapachapa, kahawa yote kaifunika kwa turubai na blanketi lake, mashati yanachuruzika kambani. "Mwalimu, nguo zako!" mama akalia. "Nguo zimezoea maji, mama." Jumatatu, mashati yakiwa bado mabichi, alikwenda kufundisha amevaa koti la baba la kanisani, mikono ikiishia karibu na viwiko. Baba mwenyewe ndiye aliyemfunga vifungo.