Siku Niliyowadunga Mbuzi wa Mahari kwa Ulimi

Aibu hii, jamani, nikiikumbuka bado nafunika uso, lakini wacha niwaambie tu mcheke.

Kazi yangu ni panya. Nawadunga homoni ambayo utumbo hutoa tukila, ile hupeleka habari kwa ubongo kwamba "tosha, tumeshiba," halafu naangalia kama panya ataacha chakula, na akiacha mimi naruka kwa furaha! Sasa siku hiyo nilikuwa Mutomo kwa kina Mwende, mchumba wangu, nimepeleka mbuzi watatu wa ntheo, ile hatua ya kwanza ya mahari, na babake ndiye angeamua kama nitapewa msichana au nitarudi Kakamega peke yangu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Ningesema panya, yaishe. Lakini nikajiambia hapana, wacha wajue najifunza Kikamba, lugha yao, ambapo panya ni mbia na mbuzi ni mbui (hata mtoto hawezi kukosea hapo, lakini mimi na woga wangu!).

"Mzee, mimi hudunga mbui dawa," nikasema kwa sauti, "zinakataa chakula kabisa!"

Wazee tuliokuwa tukila nyama nao wakaacha kutafuna. Nikadhani sayansi imewaingia.

"Unadunga zote?" shangazi yake Mwende akauliza.

"Zote, auntie! Halafu nafungua kichwa niangalie ubongo!"

Shangazi akarudisha nyama kwa sinia. Mzee akachungulia nje: mbuzi wangu, wamechoka na safari, wamesimama mbele ya majani hawagusi.

"Kijana, mbona umetuletea mbuzi wagonjwa?"

"Baba, ni mbia! Anamaanisha mbia!" Mwende akapiga kelele, lakini nani anasikia, wazee wako nje wanakagua shingo za mbuzi wakitafuta alama ya sindano, na mimi na suti yangu nimepiga magoti mbele ya mbuzi mmoja, "Kula, tafadhali, kula!"

Akakataa. Kisha akanusa hewa, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa ndengu za shangazi zilizoanikwa kwa turubai, akafagia! Shangazi akashika fimbo.

"Wacha akule!" mzee akasema, huku anacheka mpaka machozi. "Huyo ndiye shahidi wa kijana."

Mwende nilipewa. Lakini boma lile hakuna anayenijua kwa jina, mimi ni muthoni wa mbia, mkwe wa panya, na shangazi hanipakulii kabla aulize sindano nimeacha wapi. Nimeapa: chochote chenye miguu minne, nitakitaja kwa Kiswahili.