Karibu, Chora Utakacho

Jirani yangu mchoraji hatupi kitu. Machicha ya kahawa ya barazani huyafanya rangi, na ukianika kanga iliyochakaa, keshakuuliza utaitupa lini. Karatasi yake kubwa huitandaza ukumbini, mlango wazi, na kila apitaye kichochoroni huitwa: "Karibu, chora utakacho. Kazi hii ni yetu sote." Basi unachora, naye kasimama nyuma yako, pumzi kaibana, kifutio kiganjani. Ukishatoka tu, unasikia kinasugua. Ndege wangu alipotea hivyo, na mbawa zake zote.

Juzi akamwita Bi Dalal, mpambaji wa maharusi. Bi Dalal akaikataa penseli, akatoa hina yake, akachora ua kubwa kama sinia katikati ya bahari aliyoipaka jirani kwa wino. "Nshamaliza. Limekaa vibaya?" "Hata, Bi Dalal, zuri," akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Alipoondoka, kifutio kikasugua mpaka kikaisha. Hina ikazidi kukolea.

Leo nimemkuta kapiga magoti, anachora majani kulizunguka ua lile. "Karibu, chora," akaniambia. "Naja," nikamjibu, nikaenda kwanza kwa Bi Dalal kuomba hina.