Jasho la Ukuta wa Ghala la Baruti

Mdogo wangu, niliyeachiana naye ziwa, ni fundi wa chokaa. Wanamwita Mwiko, hata mkewe. Ngome ya askari wa zamani ameikarabati tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mimi nilishika funguo za ngome hiyo miaka ishirini na sita. Sijisifu, ila sikupoteza hata mmoja.

Mwiko ana wimbo mmoja kwa wanafunzi wake: ukuta wa zamani haupigwi saruji. Jiwe la kale hupumua. Chokaa huliachia njia, saruji huliziba pua. Aliyekutwa na saruji alifungasha vifaa vyake siku ile ile.

Basi mwaka mmoja wakaja wachunguzi wa mizimu watatu, na kamera, vinasa sauti na vipimajoto. Kiongozi wao alikuwa mama mpole wa miwani. Msimamizi wa ngome aliwapa kibali cha kukesha, akaniita nifungue milango, na Mwiko awaonyeshe palipo hatari. Nilikwenda mbio. Nimefagia mle miaka yote nikijiuliza kama nipo peke yangu.

Kila mlio Mwiko alikuwa na jibu lake.

"Popo huyo. Na hilo ni bati la mnara, likipoa hulia."

"Mzee, utatumalizia mizimu yote kabla ya saa sita," mama wa miwani akamwambia, tukacheka.

Saa nane usiku tukaingia ghala la baruti. Kwenye kona moja kipimajoto kikashuka. Wakasogea pembeni, kikapanda; wakarudi, kikashuka tena. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Yule mama akauwekea kiganja, akauliza taratibu, "Wewe uliye hapa, ulikuwa askari?"

Nikamgeukia Mwiko atupe jibu. Yeye akajifanya anakagua dari.

Msimamizi, aliyekesha nasi akisinzia kitini, usingizi ukamruka. "Kuanzia kesho wageni watautazama ukuta huu wa mzimu kutoka mlangoni. Asiuguse mtu, hata fundi."

Nikamvuta Mwiko hadi ukumbini. "We, una nini?"

"Dada, niache."

"Nikuache vipi, na mgongo huu ndio uliokubeba?"

Akainama. "Si askari yule. Ni saruji."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanieleza. Zamani wakaguzi walikuwa wanakuja asubuhi, na chokaa iliyolowekwa shimoni ilikuwa haijaiva. Akapiga saruji kwenye kona ile usiku, akaifunika kwa chokaa nyembamba. Hakumwambia mtu. Maji yakakosa pa kutokea, na sasa jiwe linaoza kwa ndani. Usipoguswa, ukuta utakuja chini na paa lake.

"Na ukisema?"

"Nikisema, sina ufundi tena. Niliowafukuza watanicheka mpaka mbavu ziwaume."

Jina lake la kazi ndilo lililoifanya nyumba yetu iheshimiwe mtaani, na mimi heshima naipenda, kwa nini nifiche? Nilisimama na funguo zangu mkononi. Yeye akarudi ndani.

"Mama, utaloa mkono bure," akamwambia wa miwani. "Hapo hakuna askari. Hapo pana haraka yangu mimi."

Akayasema yote mbele yao. Msimamizi akamtazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wa jirani. "Wewe fundi? Wewe unayetuhubiria kila siku?"

"Mimi."

Mama wa miwani hakununa. Akatoa daftari. Chokaa huiva kwa muda gani? Saruji iliyofichwa unaijuaje? Mwiko akageuza mwiko wake, akagonga kwa mpini. "Sikiliza. Huku kwenye chokaa mlio mnene. Huku kwenye saruji mkavu, kama chungu tupu." Wakaweka kinasa sauti ukutani. Nikaomba nami nigonge. Kweli kabisa, ilikuwa milio miwili tofauti, na mimi nimeupangusa ukuta ule miaka yote bila kuujua.

"Uvunje," msimamizi akasema hatimaye. "Ila si sasa. Utauvunja wanafunzi wako wakiona."

Asubuhi niliwafungulia wanafunzi lango. Mwiko aliwangoja na patasi mkononi, wala hakungoja salamu.

"Njooni muone saruji inavyoua ukuta. Hii niliipiga mimi."

Wakatazamana. Mmoja wao akauliza, "Ilikuwaje, fundi?" Akaanza kuwasimulia huku anagonga. Kipande cha kwanza kilipodondoka, yule aliyeuliza akalikwaruza jiwe la nyuma yake kwa ukucha, likatoka kama unga. Hakuna aliyecheka.