Kompyuta Iliyoshiba Malango

Pale Mjambere, Kisauni, ukiulizia tenti utaletwa kwangu. Hilo silisemi kwa kujisifu, nenda kaulize. Shule niliiacha darasa la sita, nikaanza kwa kusukuma mkokoteni wenye viti vya watu. Leo viti ni vyangu, tenti ni zangu, pikapu ni yangu, na kompyuta iliyo mezani ni yangu. Wenzangu wa kazi hii, hata wale wenye vyeti, bado wanaandika oda nyuma ya kalenda. Mimi nilimwita mtu wa programu akanitengenezea fomu: ukiifungua inakuonyesha jina la mteja, simu yake, siku ya sherehe, tenti gani na viti vingapi. Baadaye mtu huyo alipata kazi Uarabuni akaenda zake. Fomu ikabaki, nami nikaiongezea akili yangu.

Akili yenyewe ni hii. Huku kwetu nyumba hazina namba. Mtu anakwambia pita msikiti, pita kwa muuza mbao, ukiona mkwaju kata kulia, halafu uliza. Dereva anazunguka na tenti mpaka pilau inapoa. Nikasema kila anayeweka oda, karani wangu akapige picha lango lake kwa simu na picha itiwe ndani ya fomu. Dereva analitazama lango, anakwenda. Hakuna aliyenifundisha. Wateja walilipenda jambo hilo, hasa kina mama. Walikuja dukani hata bila oda, wakatazame malango yao kwenye kioo cha kompyuta na kuyasema ya jirani.

Mfunguo mosi ndio msimu wetu. Harusi zilizokuwa zikisubiri Ramadhani imalizike zinaachiwa zote kwa pamoja. Basi katikati ya msimu huo, Alhamisi asubuhi, fomu ikaanza kufa. Karani anaifungua, inatokeza nusu, kioo kinakuwa cheupe, halafu programu nzima inajifunga. Anazima kompyuta, anaiwasha, mambo ni yale yale.

Karani wangu ni mama wa watoto wawili, mtu wa Kaloleni, sauti yake ya chini lakini halisemi jambo mara mbili. Alitaka tuwapigie wateja simu mmoja mmoja tuwaulize siku zao. Nikakataa. Anayeijua Kisauni ataelewa. Mpigie mama mwenye harusi umwulize, "Kwani yenu ni lini?", na kabla hujakata simu mtaa umeshajua kwamba tenti hakuna. Ikifika alasiri ameshakodi kwingine, na wenzake pia.

Tukiwa katika hayo akaingia shangazi wa bi harusi mmoja, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili na kushika kipepeo cha ukindu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa," akasema, akakaa. "Nimesikia tenti yetu ya Jumamosi imekwenda Bamburi."

"Nani kasema?"

"Mama mpaka hina. Na yeye si mwongo, anachanganya tu."

Tenti kubwa nyeupe ninayo moja, na kweli nilikuwa nimeiahidi kwake na kwa familia ya Bamburi pia. Siku hazikuwa moja, hilo nilikuwa na hakika nalo, lakini ipi Jumamosi na ipi Jumapili, ilikuwa ndani ya ile fomu. Nikimjibu kwa kubahatisha na nikakosea, bi harusi angekaa juani na jina langu lingekwisha siku hiyo hiyo.

"Basi nionyeshe," akasema. "Si mna kompyuta? Nione jina letu na siku yetu, niondoke."

Nikaagiza aletewe kahawa na kaimati, nikaivuta kompyuta na karani wangu nyuma ya pazia.

Nikamwambia jambo ninalolijua kwa mikono yangu. Taa za harusi zikizimika, jenereta silitukani. Ninachomoa waya mmoja mmoja, wa friji, wa spika, wa feni, mpaka niujue unaolielemea. Na hapa tufanye vivyo hivyo.

Akasema shida ni kwamba faili likifunguliwa tu, fomu inajitokeza yenyewe, na inakufa kabla hajashika kitu. Nikamwuliza kama nyumba hiyo haina mlango wa uani. Akafikiri. Akakumbuka kwamba mtu wa programu alipokuwa akirekebisha kitu alishikilia kitufe cha Shift huku akilifungua faili, na fomu haikutokea. Lakini kwanza, akasema, tuweke nakala pembeni, tuharibu nakala na faili lenyewe lisiguswe. Nakala ilichukua muda wa ajabu. Akatazama ukubwa wa faili, akashika shavu. Lilikuwa limevimba mpaka karibu na kipimo ambacho programu ile haiwezi kukipita.

Upande wa pili wa pazia sauti ikaja. "Mwanangu, au na kompyuta nayo imekwenda Bamburi?"

Nikamwambia anywe kahawa.

Kwa Shift faili lilifunguka kimya. Karani akaifungua fomu kwa kuitengeneza, si kwa kuitumia. Tukachomoa kisanduku cha kuchagulia tenti, tukaijaribu, ikafa. Tukachomoa hesabu ya viti, ikafa. Palibaki picha.

"Toa picha," nikasema, ingawa iliniuma.

Akatoa. Fomu ikafunguka, majina yote mahali pake.

Nikafungua pazia, nikageuza kioo kwa shangazi. Akafuata mstari kwa kidole, herufi kwa herufi: jina la kaka yake, tenti kubwa nyeupe, Jumamosi. Nikamwonyesha na Bamburi, Jumapili. Akashusha pumzi, akajipepea.

"Na lango langu liko wapi?"

"Limepumzika kidogo, mama."

"Afadhali. Lile la picha lilikuwa na kutu. Tumelipaka rangi jana."

Alipoondoka karani alinitazama kwa jicho la kando. Kumbe kila mwenye harusi hupaka lango rangi kabla ya wageni! Hata hivyo wazo lilikuwa zuri. Tumbo la kompyuta ndilo dogo. Siku hiyo alizitoa picha zote akaziweka kwenye folda ya peke yake, fomu ikabaki kuambiwa tu picha iko wapi. Kisha akalibana faili, likakonda likarudi kuwa jepesi. Akaomba pia tuandike na maelezo ya njia kwa maneno. Nikamkubalia, na malipo nikamwongeza, maana mtu wangu akifanya vizuri ni mimi niliyemchagua.

Jumamosi nilipanda pikapu mwenyewe. Lango lilikuwa buluu, rangi bado inang'aa. Tenti ilisimama kabla ya adhuhuri, nikala pilau nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, na shangazi akanipitia akaniongezea nyama bila kuniuliza. Jumapili alfajiri tuliishusha ile tenti, bado inanukia udi, tukaipeleka Bamburi.